Maji ya Tatu

Khaled mwana wa Khadidja ana makaburi mawili mjini Bujumbura. Nilihudhuria mazishi yote mawili, na mpaka leo sijaweza kusema lipi kati ya hayo ni lake. Nimewauliza watu wa dini, wa kwangu na wa kwao. Nimemuuliza daktari. Nimepekua vitabu nilivyo navyo na vingine nilivyoazima nikachelewa kurudisha. Kila mmoja ana maelezo mazuri ya kaburi moja. Ukimwonyesha la pili, ananyamaza.

Nitasimulia niliyoyaona mimi na niliyoambiwa na waliokuwapo. Hukumu waliitoa wengine.

Wakati wa vita nilikaa mtaa wa Buyenzi, nikifundisha Kifaransa. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mzee Mohamadi, fundi wa radieta. Ukipita kwake mchana ungemkuta amechutama uani, akiziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha akiitumbukiza radieta ndani ya pipa la maji aone kama bado inatoa mapovu. Mkewe Asiya alianika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mkeka upande wa pili wa ua, na hakuna siku hawakugombana juu ya moshi.

"Wateja wananiuliza kama hii ndagala nimeivulia ndani ya motere ya gari," Asiya alikuwa akisema.

"Waambie ndiyo. Uongeze bei."

Kazi yake nyingine haikuwa na mshahara. Alikuwa mwoshaji wa maiti wa kiume wa mtaa wetu. Ubao wa kuoshea na ndoo zake vilikaa katika ghala lake dogo lenye sakafu ya saruji, nyuma ya nyumba. Mimi ni Mkristo, wazazi wangu walitoka Kongo, na mambo ya uoshaji niliyajua kwake kidogo kidogo, tukiongea juu ya ukuta. Kwamba mwoshaji sharti awe na akili timamu, kwa maana kila kitu huanza na nia, na asiye na akili hana nia. Kwamba upande wa kuume hutangulia wa kushoto. Kwamba maji hupitishwa mara tatu, na ya tatu hutiwa kafuri. Na kwamba mwoshaji hasemi kamwe aibu aliyoiona mwilini mwa mtu.

"Mufu haina mulango ya kufunga," aliniambia siku moja. "Mi ndiyo mulango yake."

Khaled alikuwa mpakizi bandarini, kijana mpole, mtoto pekee wa Mama Khadidja aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mapema mwaka wa tisini na tano, katika siku zile walizoziita za mji kufa, vijana wenye silaha walipoziba barabara na maduka yakabaki yamefungwa, Khaled alitoka asubuhi na hakurudi. Baadaye watu waliokwenda kuchota mchanga waliona mwili kati ya mawe ya mto Ntahangwa, chini ya daraja. Waliuleta mtaani juu ya mkokoteni. Uso ulikuwa umevimba kwa maji. Khadidja aliweka kiganja chake kwenye paji la uso ule, akakiacha hapo kwa muda, kisha akataja jina la mwanawe.

Hakuna aliyebisha. Mama akishataja jina, nani atauliza kitambulisho?

Mohamadi alimwosha ndani ya ghala. Sisi wanaume tulingoja uani, tumekaa kwenye benchi na kwenye matairi ya zamani. Risasi zilianza upande wa Bwiza. Kwanza mbali. Kisha si mbali. Aliyekuwa akimsaidia Mohamadi kumimina maji alitoka mbio, akaruka ukuta wangu, akapotea. Mohamadi akabaki ndani peke yake na maiti. Baada ya muda mfupi, ambao wakati ule niliuona mrefu, alifungua mlango. Mikono ya kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Tumubebe," alisema. "Tumubebe sasa."

Tulimzika kwa haraka, tukirudi kwa kuinama kando ya kuta. Niliona Mohamadi njiani akigeuka kutazama nyuma. Wote tuligeuka siku hiyo. Lakini sisi tulitazama barabara. Yeye alitazama kaburini.

Kiangazi kikaja. Ilikuwa alasiri ya kawaida kabisa; mtu alikuwa akipiga misumari mahali fulani, na Asiya alikuwa akifukuza paka kwenye ndagala zake. Nikasikia Mama Khadidja akipiga kelele. Haikuwa kelele ya msiba. Nilitoka nje pamoja na mtaa mzima.

Khaled alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake.

Alikuwa amekonda, amevaa shati la mtu mwingine. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba siku ile alipokimbia alijificha katikati ya magunia ndani ya meli ya mizigo, akafika Kigoma, akaugua kambini, akapona, akarudi. Haikuwa hadithi ya ajabu. Mwaka ule wengi walirudi kutoka kwenye vifo vyao. Nikajiambia kwamba mama alikosea siku ile ya uvimbe na machozi, na kwamba katika kaburi la Khaled amelala mtoto wa mtu mwingine, Mungu amrehemu. Mtaa ukajiambia hivyohivyo. Mbuzi akachinjwa.

Bandarini walimpokea kwa mzaha, kama wapakizi wanavyopokea kila kitu. Cirimwami, mtu wa Bukavu aliyebeba naye magunia, ndiye aliyembatiza jina jipya.

"Eh, Marehemu! We unalipwa saa za huku ao za kule?"

Wote wakacheka. Khaled naye akatabasamu. Cirimwami aliniambia baadaye kwamba aliacha mzaha huo wiki hiyohiyo. Walikuwa wakipakua saruji, jua la saa sita, kila mtu amelowa kama aliyetoka ziwani. Alipomshika Khaled begani kumtania, shati lilikuwa kavu. Bega lilikuwa baridi.

Kisha kulikuwa na mchanga.

Mama Khadidja alimweleza Asiya jambo hilo akinong'ona, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa aibu. Katika sikio la kushoto la mwanawe kulikuwa na mchanga. Mchanga mweusi, laini, wa mtoni.

"Namupanguza kila asubuhi," alisema. "Saa sita iko tena."

"Umuambie aoge, mama."

"Anaoga. Anaoga upande mumoja. Mukono wa kushoto hainue."

Khadidja akaongeza, akitazama chini:

"Ni mwanangu, Asiya. Usimuambie mutu."

Mtaa mzima ulikwenda kumpa Khaled mkono, isipokuwa Mohamadi. Ndipo Khaled akaja kwake. Alikuja Ijumaa baada ya sala, watu walipokuwa wakitawanyika, akaketi kwenye lile benchi la uani. Nilimwona kwa juu ya ukuta. Aliketi wima, mkono wa kushoto umelala pajani kama kitu alichopewa ashike. Midomo yake ilisogea kidogo. Mohamadi hakuinua kichwa kutoka kwenye radieta yake. Ijumaa iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Nilidhani ni mazungumzo ya watu wa msikiti mmoja.

Alichokisema tulikijua baadaye sana, gerezani.

Mara ya kwanza alisema: "Muzee, maji ilikuwa baridi."

Mara ya pili: "Ulifika kuume. Kushoto bado."

Katika ghala lile, siku ya risasi, hapakuwa na mtu. Palikuwa na Mohamadi na maiti.

Baada ya hapo Khaled alikuwa akisema neno moja tu. "Maliza."

Mohamadi alianza kukonda. Aliacha kugombana na mkewe, na Asiya akatambua kwamba ugomvi ule ndio ulikuwa afya ya nyumba. Radieta zilizotoka mikononi mwake zilirudi zikivuja. Alikuwa akilitazama pipa la maji, radieta ndani, mapovu yakipanda, na hafanyi lolote.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, jua kali, mtaa umelala usingizi wa baada ya chakula. Asiya alikuwa jikoni. Mumewe aliingia akiwa amevaa kanzu safi.

"Uniwekee maji kwa moto," alimwambia. "Ya uvuguvugu. Siyo baridi."

Asiya alijua maji hayo ni ya nini. "Nani amekufa?"

"Khaled."

"Khaled gani? Ule si alikufaka, akarudi?"

"Ndiyo ule."

Kupitia mlango wa jikoni Asiya aliona benchi. Khaled alikuwa ameketi hapo. Alikuwa akivua viatu. Aliviweka pamoja, vizuri, visigino vikiwa vimegusana, akasimama, akaingia ghalani kwa miguu yake.

Asiya aliniapia kwamba alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka. Badala yake, mikono yake ilichukua ndoo, ikabeba maji, ikayaweka mbele ya mlango wa ghala. Akarudi jikoni. Akakaa. Akasikiliza.

Maji yalimiminwa. Yakatulia. Yakamiminwa tena. Hapakuwa na sauti ya mguu, wala mkono, wala pumzi. Alisikia mumewe akisoma kwa sauti ya chini, taratibu, bila haraka yoyote.

Halafu harufu ya kafuri ikaja mpaka jikoni.

Mohamadi alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Alikwenda mwenyewe mpaka kituo cha polisi. Aliwaambia amemaliza kumwosha Khaled, waje na jeneza.

Daktari wa serikali aliandika kwamba kijana alikufa kwa maji yaliyojaa mapafuni. Aliandika pia kwamba mwilini hapakuwa na mchubuko hata mmoja, wala kwa aliyekufa wala kwa aliyeua. Nimewahi kumwona mtoto akivutwa kutoka ziwani. Mtu anayezama hupigana na aliye karibu, na akikosa mtu hupigana na maji yenyewe. Khaled hakupigana na kitu. Alikuwa amelala juu ya ubao, mikono kando, macho yamefumbwa.

Wapelelezi walimrudisha ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Wazee wa msikiti walibishana mbele ya sanduku lile. Je, huyu ameoshwa? Mwisho mkubwa wao alimwambia Mama Khadidja: "Mohamadi alimukosha kwa nia yake yote. Inatosha." Wakamzika hivyo, mara ya pili.

Asiya aliniomba niandamane naye gerezani kwa sababu wakili aliyepatikana, Metre Léonce wa Kibenga, alichanganya Kifaransa kingi katika maneno yake. Alikuwa kijana mwenye moyo, na alijua kazi. Tulikutana naye katika ua wa wageni, Mohamadi akiwa mbele yetu juu ya kigoda.

"Sikia, muzee," alisema wakili. "Kwa kosa hili ni kitanzi. Lakini loi, sheria, inasema hivi: kama mutu alikuwa na kichaa wakati wa tendo, hakuna kosa. Hakuna kabisa. Unapelekwa kwa hospitali, unatunzwa. Mi nitasema ulikuwa na kichaa."

"Apana."

"Muzee..."

"Mi nimekosha watu wa huu mutaa miaka yote ya vita," Mohamadi alisema. "Baba za watu. Watoto ya watu. Ukisema mi ni kichaa, unaambia hao wote kama wafu wao hawakukoshwa. Utaenda kuwafukua?"

Wakili alitabasamu. Alikuwa amelitegemea swali hilo, na jibu lake lilikuwa jibu la sheria, safi na zuri. Sheria, alieleza, haiulizi juu ya jana wala kesho. Inauliza juu ya saa ya tendo peke yake. Mtu anaweza kuwa mzima maisha yake yote, akili ikamtoka kwa saa moja, ikarudi. Wafu wengine wote watabaki kama walivyo. Itakayofutwa ni saa ile moja tu.

Kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwa Mohamadi. Hakuhofu kamba.

"Metre," alinong'ona. "Hiyo saa moja ndiyo maji ya tatu."

Hapo ndipo alipotueleza kila kitu: risasi za siku ile, upande wa kushoto alioufunika kwa sanda bila kuumiminia maji ya mwisho, na benchi la Ijumaa. Wakili aliuliza alijuaje kwamba aliyekaa benchini ni yuleyule aliyemwosha. Aliona alama gani mwilini? Ilikuwa silaha nzuri kwa kesi.

"Nililofanya mi, hilo ni langu, nakuambia," alisema Mohamadi. "Nililoona juu yake, hilo ni lake."

"Hata kama watakunyonga?"

"Hata." Akavuta pumzi. "We unasoma vitabu, Metre. Fikiri. Kichaa hana nia. Kama hiyo saa sikuwa na akili, basi sikukosha. Kama sikukosha, Khaled hajamaliza. Akiwa hajamaliza..."

Alitazama kigoda kitupu kilichokuwa kando yake, upande wa kushoto. Asiya alikivuta, akakiweka mbali.

Tukiwa njiani kurudi, Asiya alisema: "Mi nataka awe hai. Akiwa hai na shetani, akiwa hai na mufu, mi nitakaa naye." Ni yeye aliyemwambia wakili aendelee na hoja ya kichaa.

Kesi ilisikilizwa mchana, milango wazi kwa ajili ya joto. Watu wa Buyenzi walijaa. Mwendesha mashtaka alisema Mohamadi ana akili kuliko wengi waliomo chumbani. Aliagiza maji. Alifunga mlango. Na sababu alikuwa nayo: alimzika mtu asiye Khaled, na Khaled hai alikuwa aibu yake inayotembea mtaani. Lilikuwa neno la akili, na nimelipima mara nyingi. Kuna siku nalikubali mpaka jioni.

Aliomba kaburi la kwanza lifunguliwe. Lakini makaburi yale wakati huo yalikuwa upande ambao wanajeshi hawakuruhusu mtu kupita, na walioruhusiwa hawakutaka kwenda. Halikufunguliwa. Mpaka leo halijafunguliwa.

Mama Khadidja aliulizwa kama aliyeuawa alikuwa mwanawe.

"Mutu alipiga hodi na sauti ya mwanangu," alisema. "Nilifungua mulango. Mama anauliza nini ingine?"

"Na yule wa kwanza, aliyetoka mtoni?"

"Ule pia nilimufungulia."

Jaji alimgeukia Mohamadi, akamwuliza kwa upole kama siku ile alikuwa na akili zake. Wakili alikuwa amemsihi asijibu. Alisimama.

"Nilikuwa nazo zote," alisema. "Sijakuwa nazo hivyo siku ingine yoyote."

Akaeleza. Jinsi alivyotia nia. Jinsi alivyojaribu joto la maji kwa kiwiko. Jinsi alivyoanza kushoto moja kwa moja, kwa sababu kuume kulikuwa kumekwisha. Alieleza kwa utaratibu, bila kutetemeka, kama fundi anayemweleza mwenye gari alichokitengeneza. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo majaji walivyotazamana. Niliona shingo yake ikiokolewa neno kwa neno, na yeye hajui. Mtu anayesema mambo hayo kwa sauti hiyo, angeweza kuwa nani ila kichaa?

Uamuzi ulisomwa kabla ya adhuhuri ya siku nyingine. Wakati wa tendo mshtakiwa hakuwa na akili. Kwa hiyo hakuna kosa. Awekwe katika nyumba ya watawa wanaotunza wagonjwa wa akili, kaskazini mwa mji, mpaka waganga watakaposema vingine.

Asiya alilia kwa shukrani. Watu waliinuka, wakikumbatiana. Mohamadi alibaki ameketi.

"Basi hakukoshwa," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini Mama Khadidja, aliyekuwa benchi la nyuma, alisikia. Alivuta mtandio akafunika uso wote.

Gari la kumpeleka halikupatikana. Magari yote yalikuwa vitani. Baada ya kungoja sana, gerezani walimwambia Asiya kwamba akitaka hukumu itimizwe, aje amchukue mwenyewe, na polisi mmoja atamsindikiza. Walitoka asubuhi, kwa miguu. Haya mengine aliniambia Asiya jioni ya siku ileile, amesimama kwenye ukuta wetu, hataki kuketi.

Barabara ya kaskazini ilikuwa nyeupe na tupu. Nyumba nyingi hazikuwa na paa. Kwenye kizuizi cha mwisho polisi alisikia mlio mmoja mbele, akasema amefika mwisho wa kazi yake. Askari wa kizuizini akawatazama wawili waliobaki.

"Mama, kati yenu nani ndiye kichaa? Mimi naona mutu anayeenda huko leo, wote ni vichaa."

"Ni huyu. Tribinali imesema."

"Na we muzee, unasemaje?"

"Mi nilisema," alijibu Mohamadi. "Hawakunisikia."

Askari akacheka, akawainulia kamba. Aliishikilia juu kwa muda, hata baada ya wao kupita. Asiya alifikiri amesahau.

Waliendelea. Asiya alimshika mumewe mkono wa kuume. Mohamadi alitembea akiubana ukingo wa barabara, akiacha nafasi upande wa pili. Nafasi ya mtu mmoja. Kila Asiya alipomvuta katikati, alirudi ukingoni.

"Kuna nini?"

"Usigeuke, Asiya."

Hakugeuka. Alisikia nyayo zake. Alisikia za mumewe. Akaamua kutosikia zaidi ya hapo.

Mtawa aliyewafungulia lango alikuwa mzee wa Kirundi mwenye aproni. Ndani palikuwa na ua mpana wa udongo uliofagiwa, na wagonjwa wengi wameketi kivulini wakinywa uji. Mmoja alikuwa akiimba. Wengine walikuwa wakizozana juu ya kijiko. Hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu Mohamadi wala Buyenzi.

Asiya na mumewe walipoanza kuvuka ua, aliyeimba alinyamaza.

Akasimama. Wa kando yake akasimama. Kisha safu nzima, kimya, kila mmoja akiweka bakuli lake chini. Waliokuwa na kofia walizivua. Walisimama kama sisi tunavyosimama kando ya barabara jeneza linapopita, tukiwa hatujui ni la nani.

Asiya alidhani ni desturi ya pale. Alimtazama mtawa. Mtawa alikuwa amesimama palepale langoni, bado ameshikilia lango wazi.

Walifika kwenye baraza. Hapo Asiya akageuka.

Walikuwa bado wamesimama. Hawakumtazama yeye. Hawakumtazama mumewe. Macho yao yote yalikuwa katikati ya ua, mahali pasipo na kitu, yakisogea taratibu. Taratibu sana. Kuelekea barazani.

Yalipofika kwa Mohamadi, upande wake wa kushoto, wagonjwa wote waliketi. Wakachukua mabakuli yao. Yule wa kwanza akaanza tena kuimba.

Mtawa alikuja mbio na kuomba radhi. Hakusema radhi ya nini. Aliwaonyesha chumba chenye kitanda na dirisha la nondo, akataka kufunga mlango. Mohamadi akamzuia.

"Afunge bibi yangu," alisema. Kisha kwa Asiya, polepole, kama alivyokuwa akinong'ona siku za zamani, walipokuwa na mtoto mdogo amelala: "Funga we mwenyewe. Halafu usingoje nje."

Hivyo mahakama iliamua kwamba katika saa ile Mohamadi hakuwa na akili, kwamba hakuna aliyeosha na hakuna aliyeua, na kwamba afungiwe mbali na watu. Majaji walitia sahihi. Aliyeitekeleza hukumu ni Asiya. Alivuta mlango, akasukuma komeo mpaka mwisho, akajaribu kwa mkono aone kama limeshika. Lilikuwa limeshika. Akaondoka bila kungoja, ingawa kabla hajafika langoni alisikia mumewe akianza kutia nia ya kuosha.